Mgongo wa Picha

Mhuri umefutika nusu: ...LEWA STUDIO, DOD...
na chini yake, kwa wino mwekundu:
BURE KWA KILA MCHE WA SABUNI.
Mwaka haumo.

Nimeikuta soko la Majengo
imefunika kopo la ufuta.
Timu ya Reli, Kanda ya Kati: kumi na mmoja,
mikono kifuani, soksi hazifanani.

Ndahani, aliyepeperusha bendera stesheni
hadi alipostaafu, aliigeuzageuza.
"Huyu Mbeleje. Huyu alihamia Tabora.
Huyu mwenye mpira simjui,
na kipa wetu namjua."

Nikaenda Chamwino, kwa mjane wa mpiga picha.
Bi Nyemo hakutafuta hata miwani.
"Kipa alikuwa zamu, treni ya Kigoma imechelewa.
Huyo ni dereva wa gari la sabuni.
Jezi ilimbana, akasimama bila kupumua."

Akacheka. Cheko likaishia njiani.
Kidole chake kikashuka hadi kwenye vumbi
mbele ya goti la nahodha,
palipolala kivuli cha mtu ameinama
na kamera ya miguu mitatu.

"Na huyu je?" akasema.
"Huyu hajawahi kuulizwa na mtu."