Matundu ya Boneti

Nilitoboa boneti mwenyewe, kiangazi cha Januari,
matundu sita kama mashavu ya ngege,
maana Corona yangu ilichemka kila mlima wa njia ya Bundibugyo
nami nikachoka kusimama kando na jerikani.
Ikapoa. Nikajigamba.
Nikasahau kwamba Fort Portal mvua haipigi hodi.

Machi ikanikuta sokoni Mugusu.
Gari likakohoa mara mbili, likanyamaza;
maji yamejaa vishimo vya plagi kama chai vikombeni.

Abwooli Kabahenda, fundi wa karibu na mto Mpanga,
hakucheka. Aliuliza tu:
"Joto linatokea wapi?" Nikamwonyesha.
"Na maji yanaingilia wapi?" Nikamwonyesha palepale.
"Mlango mmoja, wageni wawili.
Umemwandalia kiti mmoja."

Akakata debe la mafuta ya kupikia,
ua la alizeti bado linang'aa ubavuni,
akalikunja likawa sinia jembamba chini ya matundu,
nafasi ya vidole viwili hewa ipite,
mdomo umeinamia kushoto, mbali na distribyuta,
kisha mpira wa bustani hadi nyuma ya tairi.
Riveti kumi na moja. Ya kumi na mbili iliangukia matopeni,
hatukuitafuta.

Leo nimeegesha, Rwenzori imejifunika gubigubi,
injini inanguruma taratibu.
Mvuke unapanda, mvua inashuka,
vinapishana tunduni
bila kugongana mabega.
Nami nimeinama, magoti yameloa,
nachungulia chini ya gari:
mchirizi mdogo, safi,
umebeba jani.