Hajulikani na Nani

Kihesa, saa mbili asubuhi, mwezi wa saba.
Baridi ya Iringa imeingia darasani bila kujisajili.
Tumekaa na masweta, mikono kwapani,
mapazia yamefungwa ili picha ionekane,
na mashine ya Mwalimu Mhongole
inakohoa kwanza, ndipo inatoa mwanga.

Kozi yaitwa Historia ya Sanaa na Uthamini.
Ukutani, ufa wa plasta ukikipasua katikati,
chungu.
Cheusi, tumbo pana, shingo fupi,
cha miaka elfu mbili na ushei,
kimesimama nyuma ya kioo katika mji
ambao jina lake mwalimu alilitamka mara tatu,
kila mara tofauti.

"Mnaona nini?"
Mstari, akasema Kadinda wa Mafinga, akaaye mbele.
Uwiano, akadakia mwingine. Umbo. Mizania. Nafasi tupu.
Tukayamwaga maneno ya juma lililopita
kama mahindi ya mkopo.
Mimi nikauliza kama kinaweza kugongwa.

Darasa likacheka mpaka mvuke ukatutoka vinywani.

Lakini mimi ni wa Ikombe, mwalimu.
Kwetu mlima unashuka wima mpaka ndani ya ziwa,
mwanamke anapanga vyungu mtumbwini, nyasi katikati,
anapiga kasia hadi gulioni Lyulilo.
Huko mnunuzi hasemi uwiano.
Anakiinua, anakigonga kwa kifundo cha kidole,
anatega sikio.
Kikisema ngo, anatoa pesa.
Kikisema kwe, anakirudisha chini taratibu
kama mtu aliyepokea habari za msiba.
Ada yangu ya muhula wa pili
ni ngo mia moja na arobaini.
Nilizihesabu.

Usiku nikampigia mama.
"Bado wanakipikia?"
Hapana, mama. Hakiguswi.
"Kimefanya kosa gani?"
Nikacheka peke yangu, hakucheka.
"Nani alikifinyanga?"
Imeandikwa: hajulikani.
Kimya. Nikasikia ziwa, au labda ni mtandao.
"Hajulikani na nani?"

Mama hukandamiza ukucha wa gumba chini ya mdomo wa chungu,
mara tatu. Bibi alikuwa mara mbili.
Mama mkubwa Tumpale huburuza gunzi, mchirizi ukalala kushoto.
Lyulilo hata mtoto atakwambia hiki cha nani
kabla hujakigeuza.
Kikifika Tukuyu kinakuwa chungu cha Wakisi.
Kikifika mbali zaidi kinakuwa ufinyanzi, Afrika ya Mashariki,
namba fulani, rafu fulani.
Jina halijui kuogelea, nadhani.
Linabaki ufukweni, mikono ina udongo.

Mtihani ukaja na chungu kilekile,
fotokopi nyeusi kama masizi.
Swali la tatu: Jadili.
Nilikodoa macho dakika ishirini, bila kuandika,
msimamizi akapita mara mbili kuniangalia kama naumwa.
Kisha nikaiona: chini ya shingo, mchirizi wa kidole
ulioinama upande usiotarajiwa.
Nikaanza hivi:
Mwanamke huyu alikuwa wa mashoto,
na siku hiyo alikuwa na haraka.

Kurasa nne. Alama sitini na moja.
Pembeni, kwa kalamu nyekundu:
Umejuaje alikuwa mwanamke? Umejuaje haraka? Chanzo?

Nikaenda ofisini kwake na karatasi yangu.
Nikamwambia la mwanamke nilikisia, anisamehe,
kwetu sijawahi kumwona mwanamume akifinyanga.
La haraka, atazame tena pale mchirizi unapoishia,
haukurudiwa.
Na chanzo kinapatikana Lyulilo, Jumamosi,
ila awahi kabla ya saa nne.
Baada ya hapo
vyenye sauti vyote vimeshanunuliwa.