Dirisha la Chini

Nimekuja na begi moja na deni la maneno kumi na mawili.
Kiwanda kinataka majina ya kanga kabla ya Jumatatu:
yawe mafupi, yaume kidogo, yasitukane.
Bosi kanilipia siku tatu huku Magoroto,
"Nenda ukapumzike, akili itafunguka,"
kana kwamba akili ni kopo la nyanya.

Nyumba hii kaijenga mtu asiyependa makuu.
Haikuuchimba mlima. Imeuegemea
kama mgeni aliyekalia ukingo wa kitanda.
Udongo wa kuta ni wa hapa hapa, umesuguliwa kwa jiwe
mpaka ukawa laini kama ndewe ya sikio.
Paa limeshuka sana mbele, huingii ila umeinama.
Nikafikiria: hata bosi angeinama.

Nikakaa mezani. Meza ya mvule, pana, imetulia,
kalamu tatu, karatasi nyeupe pee.
Kila kitu kimepangwa ili niwe hodari.
Nikaandika neno juu ya subira. Nikafuta,
subira imeshavaliwa mpaka ikachuja.
Nikaandika juu ya jirani. Nikafuta,
jirani naye kachoka kusemwa migongoni mwa watu.
Ukungu ukaingia bila hodi, ukasoma, ukatoka.

Siku ya pili nikalala.
Mchana kutwa, bila haya,
na hapo ndipo nikaliona:
dirisha dogo, upana wa sinia, chini kabisa ya ukuta.
Ukisimama hulioni. Ukiketi hulioni.
Sharti ulaze shavu kwenye mto
ndipo likupe fungu lako la nje:
shina la mdalasini, majani yanayooza taratibu,
kuku mmoja na shughuli zake.

Nilimtazama yule kuku mpaka adhuhuri.

Mwanjaa alipoleta chai ya mchaichai nikamuuliza.
"Lile? Lile halikuwamo kwenye ramani.
Fundi Kihiyo alilitoboa mwenyewe, usiku, kabla ya lipu.
Asubuhi mchora ramani akafoka,
mwenye nyumba akasema lizibwe.
Fundi akajibu, mama yangu alilala miaka minne
akiangalia bati. Tulikuwa tunahesabu naye misumari.
Tulifika mia mbili na sita, tukaanza upya.
Basi wakanyamaza. Na hela ya dirisha hilo hakudai."

Akamimina chai. Akapuliza yake.
Mimi nikarudi kulala, safari hii kwa adabu.

Usiku mvua ilipiga paa bila kupumzika,
nikajikuta nahesabu, sijui nini, matone labda,
na kati ya kuhesabu na kusinzia
neno likaja limeshavaa, limeshajifunga:

USINIPIMIE DIRISHA UMESIMAMA

Nikaliandika gizani. Asubuhi lilikuwa bado lipo,
limepinda kidogo, limekanyaga mstari.

Bosi akapiga simu. "Mangapi?"
"Moja."
"Moja! Siku tatu, na supu ya kuku juu!"
(Siyo yule kuku. Niliuliza.)
Nikamsomea. Akakaa kimya muda wa vocha kuisha,
kisha akasema, "Nani atalielewa hilo?"
Nikasema, "Atakayejifunika."

Wakati wa kuondoka Mwanjaa alinibebea begi
hadi pale njia inapoanza kuteremkia Muheza.
"Ikitoka hiyo kanga niletee doti moja.
Kipande kimoja changu, kingine cha fundi.
Mgongo wake haumnyanyui tena, ni mwaka sasa.
Yuko Misozwe, kitandani."

Nikauliza, nikijiona nimeuliza la maana,
"Na kwake alijitobolea dirisha kama lile?"

Mwanjaa akanitazama kama mtu anayesoma bei.
"Kwake wapi, dada?
Fundi amepanga."