Mchemraba

Miaka kumi na tisa nimepima zege kwa kiganja:
likishikana, mimina; likichuruzika, ongeza saruji,
na kama bosi anatazama, usiongeze.

Sasa Upanga kuna mashine ya kuvunjia.
Kaileta mhandisi Emine, kutoka Ankara.
Kiswahili chake kimeanza na neno moja: subiri.
Subiri siku ishirini na nane.

Ishirini na nane! Shomvi alicheka hadi karai likamdondoka.
Hapa ghorofa hupanda kwa wiki.

Siku ikafika. Tukausimamisha mchemraba wangu,
jina nimelichora kwa msumari: TUNGARAZA.
Mashine ikakoroma. Namba zikapanda, zikasita,
kisha ufa, mwembamba kama unywele,
na vumbi puani.

Emine hakusema kitu.
Akanionyesha namba. Akanionyesha ilipotakiwa kufika.

Usiku ule, Kigogo, sikulala.
Nilihesabu ngazi nilizomimina: Sinza, Tabata, Kijitonyama,
na wanaozipanda na ndoo kichwani, mtoto mgongoni.

Asubuhi nikamuuliza: mchanga huu tunauoshaje?
Akavua saa, akakunja mikono ya shati.
Maji ya kwanza yalitoka rangi ya uji wa ulezi.
Ya nne,
nikakiona kiganja changu.