Rangi ya Mkandaa

Alfajiri hii ni mkandaa mtupu.
Hauna maziwa, hauna tangawizi, hauna hata sukari,
sukari ilikwisha jana na Mbwarali hajafungua duka.
Naunywa hivyo hivyo, umesimama ulimini kama mdai mlangoni,
huku nalitafuta tundu la sindano kwa mwanga wa dirisha.
Kuze bado haijaamka sawasawa.
Chini, wa mkokoteni agonganisha mitungi ya maji,
na paka wa jirani amelalia nyuzi zangu
kana kwamba amezilipia.

Kofia hii ni ya Shekuwe, bwana harusi wa Ijumaa.
Mamake aliitaka nyeupe. "Nyeupe, Zena, nyeupe kama nia,"
nami nikamtazama tu,
kwa kuwa mwanawe namjua tangu akiniibia kashata.
Miezi mitatu natoboa na kuzungusha uzi,
tundu, kisha tundu,
na shingo yangu imejifunza kuinama hata nikiwa sokoni.

Saa nne huwa chai ya maziwa.
Hiyo haitaki haraka. Hupanda, hushuka, hupanda tena,
na iliki mbili nilizoziponda kwa kitako cha gilasi.
Swabra huja na kroshia yake,
anafuma kitambaa cha kufunikia televisheni
iliyoungua mwaka juzi.
Nimemwambia. Asema televisheni itanunuliwa siku moja,
kitambaa ndicho kinachohitaji muda.

Bi Khola hanywi maziwa. Yeye na mchaichai wake,
alioupanda kwenye ndoo iliyopasuka.
Asuka ukili bila kuutazama:
macho yako kwa wanaopita,
mdomo uko kwa waliokwisha kupita.
"Ukili ukikosea huukati," huniambia,
"warudi nyuma hadi pale ulipodanganya."

Jumatano stima ikapotea.
Joto likakaa nasi chumbani kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikajimiminia mkandaa wa jioni, wa karafuu,
nikanyoosha mkono kuutafuta mkasi,
kikombe kikalala.
Chai haikuuliza. Ilipita tundu kwa tundu
njia ile ile niliyoipita mimi miezi mitatu,
yenyewe ikaimaliza kwa pumzi moja.

Swabra akasema ndimu.
Bi Khola akasema chumvi, kisha akasema jua,
kisha akanyamaza, na hilo ndilo lililonitisha.
Nikafua. Nikasugua. Doa likabaki,
kisiwa kizima, na Likoni yake pembeni.

"Miyaa yangu," akasema Bi Khola baadaye sana,
"haitoki mtini na rangi. Huchemshwa."
Akarudi kwenye ukili wake.

Nikateleka sufuria kubwa.
Majani vijiko kumi na viwili, karafuu kwa kukisia,
chumvi ya kuishika rangi.
Nikaitumbukiza kofia yote, doa na pasipo doa,
nikaketi kuilinda kama uji wa mtoto mgonjwa.
Mtaa mzima ulinukia. Kuna aliyebisha hodi na kikombe mkononi.
Ikatoka na rangi ambayo hata wauza vitambaa wa Biashara hawana jina lake,
labda rangi ya kaimati kabla ya kutiwa shira.

Mamake Shekuwe alikuja Alhamisi.
Aliigeuza. Aliinusa.
Hakusema nzuri, hakusema mbaya.
"Hii chai gani?" akauliza,
nikamwekea kikombe.
Alilipa nusu. Nusu ya pili, alisema,
mpaka aone mambo yatakavyokwenda.

Leo amekuja Shekuwe mwenyewe, mume wa mtu,
kuniletea ile nusu.
Kofia i kichwani, imemkaa.
Na kwenye paji la uso, mstari mwembamba wa kahawia,
kutoka sikio hadi sikio.
Mkewe hajamwambia. Mamake hajamwambia.
Mimi nikamkaribisha kiti,
nikampa chai ya tangawizi, kali, ya moto,
akaisifu,
akatokwa na jasho.