Sitini na Moja

Somoe, umeniandikia toka Morogoro:
"Dada, nitumie kisamvu cha mama,
lakini kwa vipimo. Gramu, vikombe, dakika.
Nimenunua sufuria ya presha."

Nimecheka peke yangu jikoni, hapa Chikongola,
mwiko mkononi, Shadhili akinitazama
kama aliyeona kuku anapiga mswaki.

Vipimo! Mama alipima kwa kiganja,
na kiganja chenyewe unakikumbuka:
miaka kumi na miwili ya kubangua korosho kiwandani,
mafuta ya maganda yakamla ncha za vidole
hadi mistari ya dole gumba ikafutika.
Siku ya kitambulisho kile kimashine kilimkataa mara tatu,
naye akamwambia kijana wa watu,
"Andika tu kwamba nipo."

Basi jana nimejaribu kukitafsiri.
Nimeazima mzani wa Bi Tabia, yule muoka keki,
nikachota korosho, nikamimina: gramu thelathini na nane.
Nikachota tena: arobaini na tano.
Mara ya tatu nikafumba macho, nikatanua vidole
kama mtu anayepokea kitu kizito.
Sitini na moja.
Andika sitini na moja. Mara tatu.

Majani chuma machanga, ya ncha,
si yale yaliyokwisha kukomaa mishipa.
Blenda ninayo, sikufichi,
ila majani nayatwanga kwenye kinu.
Blenda hukata, kinu huponda,
na ulimi unajua tofauti
hata kama wewe hutaki ujue.
Korosho ndizo za blenda, tena nusu tu.
Nusu nyingine naziponda kwa chupa, juu ya kibao,
ili jino likute kitu.
Laini tupu, mama angeuliza nani anaumwa.

Sasa hiyo presha yako.
Hapa, mdogo wangu, usinifanyie ujanja:
chemsho la kwanza ni sufuria wazi, bila mfuniko, nusu saa.
"Kiache kitoe hasira," alikuwa akisema,
na muhogo una hasira kweli, uulize uliowahi kuwalaza watu.
Maji yale mwaga.
Ndipo ufunge mfuniko wako,
dakika kumi na tano, ipige filimbi itakavyo.

Mimi napikia gesi, ile ya bomba.
Inatoka Msimbati, chini ya mchanga uleule
tuliokuwa tukikojolea tukiwa watoto.
Mama aliona mitaro ikichimbwa,
hakuona moto.

Kitunguu saumu ni changu, yeye hakuweka.
Binzari nyembamba ni ya Bakiri; mtu wa Tanga,
bila binzari anajiona yuko msibani.
Mwaka wa kwanza nilizitia kwa kuibia,
nimeipa mgongo picha yake pale ukutani.
Siku hizi natia mbele ya uso wake.

Na huyu Shadhili, juzi,
kakichukua kisamvu cha jana, kikavu,
kakikunja ndani ya chapati na yai na pilipili ya chupa,
kakibana kwenye kikaango hadi kikawa na ganda.
Nikafungua mdomo nimkemee.
Akanilisha kipande.
Nikaufunga.

Kula kwa ugali wa makopa. Wali nao si dhambi.

Chumvi sijapima.
Yeye alichovya kidole chake kisichosikia moto,
akalamba, akatazama dirishani
kama anayesubiri kuitwa,
halafu akaongeza, au akaacha.
Sina namna ya kukuandikia dirisha.
Tafuta lako.

Mzani nimeurudisha jioni.
Bi Tabia kakuta unga umebaki kwenye sahani yake,
kaupangusa kwa kidole, kalamba.
"Tamu. Ni nini hii?"
Nikamwambia, sitini na moja.