Mlangamia

Nilipouona mara ya kwanza, niliuacha.
Uzi wa manjano, mwembamba kama wa kudarizia kofia,
umejilaza juu ya luseni karibu na mdomo wa falaji.
Nikasema, mzuri huu. Nikaenda kukamua.

Siku ya kumi na moja ulikuwa mkeka.

Kwetu Wete tukiuita mlangamia,
na utotoni sikuuliza: ngamia wa wapi, Pemba?
Nimekuja kulielewa jina hapa Ibra, na miaka yangu sitini na mbili,
na ng'ombe watatu, na ngamia wa shemeji yangu Muhenna,
wote wananitazama, na jaruba halivuniki.

Hauna jani. Mzizi ulikuwa nao,
ukautupa siku ulipopata wa kumnyonya.
Jirani yangu, Bi Salhiya, anauita hamuli.
Nikacheka. Hamali hubeba, bibi. Huyu hubebwa.

Ukiung'oa unakatika, na kila kipande kinaanza maisha.
Ukiufyeka, mundu unaupeleka jaruba la pili.
Ukimpa mbuzi, mbegu inapita tumboni salama
na kurudi shambani na samadi, imeshapewa posho.
Dawa inayouua inaua na luseni:
bwana shamba alinieleza polepole, kama anayenipa taazia.
Mbegu zake, akasema, hukaa udongoni hata miaka ishirini.
Nikajumlisha. Nikanyamaza.

Mofizul alikuja na mtungi wa gesi na bomba la moto.
Kwao Barisal, alisema, watoto huuvaa shingoni,
na jina lake ni mtambaazi wa dhahabu.
Akawasha.
Tukachoma duara, kisha duara nje ya duara,
tukiunguza kijani kizima ili tuifikie manjano,
na ule moshi, Mungu anisamehe, ulinukia chakula.

Muhenna alisimama ukutani, akauliza mbegu nilinunua wapi.
Sokoni. Bei nafuu. Gunia halikuwa na jina.
Hakuongeza neno. Alimfungua ngamia wake
wakaenda zao, yeye mbele, ngamia akigeuka nyuma.

Usiku navua ushungi,
pindoni kuna uzi, urefu wa kidole,
nusu umekauka, na ncha imeshajipinda
kwenye tamvua la kitambaa, inaonja.

Nikausogeza kwenye taa.
Mzuri bado, mwanaharamu.
Nikapapasa rafuni, kiberiti nilikiweka wapi.